Mchango wa msiba umekatwa na deni la simu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, mimi ni CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka wa pili, kachuo ketu ni kadogo, darasa zima tuko 43 na ukikohoa hosteli ya wavulana mpaka mama lishe wa getini anajua. Jumapili mwenzetu kafiwa na mzee wake, tukakubaliana kila mtu atoe buku mbili, na kama kawaida namba ya kutuma ikawekwa ya kwangu.

Sasa hapo ndo balaa lilipoanzia. Mwezi uliopita nilikopa kwenye simu ili ninunue gesi na unga, nikajua boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka nalipa fasta, boom lenyewe mpaka leo kimya. Nikasahau kabisa kuwa hela ikiingia tu wanakata kwanza deni lao. Meseji ya mchango wa kwanza inaingia, chini yake "umelipa", ya pili hivyo hivyo, nipo lecture natetemeka nashindwa hata kuwaambia watu wasitume. 86,000 ikabaki 55,000.

Ijumaa tunapeleka rambirambi na mweka hazina anataka statement. Niseme ukweli kwenye grupu wanione mwizi, au nimfuate pembeni mweka hazina nimwombe avumilie mpaka boom? Shemeji yangu nimempigia toka jana anikopeshe, hapokei. Kuuza subwoofer nimefikiria ila wanataka kunipa elfu kumi na tano, mtu anajua una shida.

Msinitukane jamani, nishaurini.