Gia nzito na hazijulikani ziliko: nirekebishe kebo, nibadili bushi au ninunue kebo mpya?

GiaNgumu
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Gari langu ni dogo la milango mitano, linavuta kwa matairi ya mbele, injini imelala kwa upana, gia tano za mkono, limeshatembea kilomita 190,000 na ushee. Gia ya kwanza na ya pili naziingiza kwa kubembeleza. Nikiitafuta moja mara nyingine naikuta tatu, gari linaondoka likitetemeka kama lina homa. Rivasi, ambayo kwangu iko kushoto kabisa pembeni ya moja, ndiyo balaa lenyewe. Tatu na nne afadhali. Tano inaingia yenyewe utadhani imeitwa.

Fundi wa kwanza kasema kebo, zile waya zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi, zirekebishwe tu. Wa pili kasema kebo zote mbili zimekufa, nibadili. Jirani yangu, ambaye hana gari ila ana maoni, anasema ni bushi. Na mimi mwenyewe nimetamani ule mkono mfupi wa gia, wanasema gia zinaingia chap. Nianze na lipi?

SpanaKumi
Usianze na lolote kati ya hayo. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini, rudia. Zikiwa laini injini ikiwa imezimwa halafu zikagoma ikiwashwa, kebo hazina kosa, klachi haiachii vizuri: hewa kwenye hydroli (mfumo wa mafuta unaosukuma klachi), mafuta yake yamechoka, au kama ni ya waya basi imelegea. Zikigoma hali zote mbili ndiyo turudi tuongee kebo.

GiaNgumu
Nimejaribu. Ni ngumu vilevile, izimwe iwashwe. Asubuhi zaidi. Kitu kingine nilichoona, nikiwa nyutro mkono wa gia hausimami katikati, umeegemea kushoto kidogo.

DadaGiaboksi
Hapo umesema jambo. Hebu tuelewane kwanza kebo hizi zinafanya nini, maana naona mafundi wawili wamekupa majibu mawili na wote hawakugusa kitu.

Zipo mbili. Moja inasukuma na kuvuta, mbele na nyuma, ndiyo inayoingiza gia. Nyingine inachagua njia, kushoto na kulia: njia ya 1 na 2, njia ya 3 na 4, njia ya 5. Mkono ukiuachia nyutro, springi inaurudisha kwenye njia ya 3 na 4, na hapo unatakiwa usimame wima. Wako umelala kushoto, maana yake kule kwenye giaboksi ni katikati lakini kwako ndani ya gari umeshatumia nusu ya safari ya kwenda kushoto. Ukiuvuta kwenda njia ya moja unagonga ukuta kabla giaboksi haijafika. Ndiyo maana unaikuta tatu, na ndiyo maana rivasi iliyo mbali zaidi ni balaa. Tano iko upande wa pili, una nafasi ya ziada, lazima iwe rahisi. Kwa hiyo kebo ya kuchagua imepotea kipimo. Fundi wa kwanza yuko sahihi kwa sehemu hiyo.

Lakini umesema pia gia ni nzito, na hapa ndipo watu wengi wanajichanganya. Kurekebisha kebo kunabadilisha mahali mkono unaposimama. Hakubadilishi uzito hata kidogo. Kebo iliyokwama, ukiirekebisha kwa ufundi wote wa duniani, inabaki kebo iliyokwama iliyopimwa vizuri.

Kujua uzito uko wapi: weka mawe kwenye matairi na uvute handibreki, maana ukishachomoa kebo mkono wa gia hautashikilia gari tena. Toa kasha la chujio la hewa na betri kama vinaziba. Piga picha. Chomoa ncha za kebo zote mbili kwenye liva za giaboksi, vile vimkono vya chuma vinavyovutwa na kebo. Sasa ingia ndani uchezeshe mkono wa gia ukiwa hauna kazi, uone kama ni mwepesi. Halafu rudi mbele ushike liva za giaboksi kwa vidole vyako, uzipeleke kila upande. Mkono mzito na liva nyepesi, kebo au sehemu ya chini ya mkono. Mkono mwepesi na liva nzito, hata ubadili kebo mara tatu hutapata kitu, shida iko ndani ya giaboksi au kwenye oili.

Klachi_Nusu
Dada umeeleza vizuri ila mnamtisha. Mimi langu nilirekebisha nusu saa, gia zikawa siagi, na sikuchomoa chochote cha ajabu. Golf 4 yenye giaboksi ya 02J: ncha za kebo zina vikola (vishikizo) vya springi, unavivuta mbele na kuvizungusha vijifunge, kebo zinakuwa huru. Unakandamiza shafti ya kuchagulia kwenye giaboksi ishuke, unageuza kale kaliva kadogo kaifunge hapo. Unaingia ndani, unainua ngozi ya mkono wa gia, unapitisha pini kwenye tundu lake ili mkono usicheze. Unarudi unaachia vikola, vyenyewe vinakamata mahali panapotakiwa. Unatoa pini, unafungua shafti, kwisha habari. Pini maalumu sikuwa nayo, nilitumia keekee inayoenea tundu bila kucheza.

SpanaKumi
@Klachi_Nusu lako lilikuwa limepotea kipimo tu. La mwenzetu lina mawili. Halafu siyo kila gari lina vikola. Yapo ambayo kebo ina kizuizi cha plastiki, unakiinua inalegea, unakikandamiza inakamata. Na yapo, hasa baadhi ya Honda na Toyota, ambayo kebo zimekatwa kwa urefu wake kiwandani, hakuna pa kurekebisha kabisa. Hayo ukiona mkono umelala ujue kuna kitu kimechakaa au kimechomoka, na mtu akikwambia "nimekurekebishia kebo" muulize ameshika wapi.

@GiaNgumu angalia ncha zako kwanza.

MzeeWaDizeli
Vijana mnaruka bushi. Kila ncha ya kebo ina bushi ya plastiki au raba inayokaa kwenye kichwa cha liva. Ikilika, tundu linakuwa yai. Mwambie mtu akae ndani apitishe gia, wewe simama mbele uangalie. Ukiona kebo inasogea kwanza, halafu liva inafuata baadaye kidogo kama mtoto aliyeamshwa, hiyo ni bushi. Kurekebisha kebo yenye bushi iliyokwisha ni kupima nguo kwa mtu anayekimbia.

DadaGiaboksi
Shikamoo mzee. Nakubali, ila bushi iliyokwisha inacheza pande zote mbili. Tano nayo ingemsumbua. Yeye anakosa upande mmoja tu.

MzeeWaDizeli
Marahaba binti. Ndiyo, inaweza kuwa vyote. Gari la kilomita 190,000 halina ugonjwa mmoja. Akibadili aweke bushi ya kawaida. Zile za shaba na aluminiamu zinaleta gia kali, ni kweli, ila kila mtetemo wa injini unaupokea kwenye kiganja. Nilizivumilia miezi miwili.

Nyutro
Mkono mfupi je? Mbona hakuna aliyemjibu.

SpanaKumi
Kwa sababu jibu ni fupi kama huo mkono. Safari ikipungua, nguvu inaongezeka, ni hesabu ya mtaimbo ileile. Mtu ambaye gia zake tayari ni nzito akifunga hiyo anajiongezea mzigo. Baada ya kila kitu kuwa sawa, afunge akipenda.

GiaNgumu
Asanteni wote. Nitafungua Jumamosi. Nimekumbuka pia, sijui kama ina maana: giaboksi ilishushwa miezi mitatu iliyopita kubadilisha klachi. Kabla ya hapo gia hazikuwa nzito hivi.

SpanaKumi
Ndugu yangu!! Hilo ndilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza.

DadaGiaboksi
Haha. Basi orodha imebadilika. Kushusha giaboksi lazima kebo zichomolewe, kwa hiyo huenda kipimo kilipotea siku hiyo. Angalia mambo matatu. Ganda la nje la kila kebo linashikwa na breketi (kishikio cha chuma) kwa klipu, hakikisha limekaa ndani na klipu ipo, maana ganda likiwa huru unasogeza ganda badala ya waya. Fuatilia njia ya kebo yote inayoonekana, ukiona imekunjwa kona kali au imebanwa mahali, uzito wako huo hapo. Na uliza iliwekwa oili gani na kiasi gani.

MzeeWaDizeli
La oili nalisisitiza. Kitabu cha gari kikisema 75W-80 (uzito wa oili) ya GL-4 (daraja lake), usikubali "hii nzito ni nzuri zaidi". Oili nzito sinkronaiza, zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, zinahangaika asubuhi kabla oili haijapata moto. Na GL-5 nyingi zina dawa za salfa na fosforasi ambazo si rafiki wa shaba ya ringi za sinkronaiza, tena zinateleza mno na ringi inahitaji msuguano ili ifanye kazi. Na maunting ya giaboksi, raba inayoishikilia kwenye bodi, iangaliwe, ikiwa imekatika injini inayumba na kuvuta kebo pamoja nayo.

GiaNgumu
Nimerudi, mikono bado nyeusi. Matokeo:

Liva za giaboksi kwa vidole: nyepesi, kila gia inajulikana ilipo. Kwa hiyo giaboksi nimeiondolea mashaka. Mkono ndani ya gari: mbele na nyuma mwepesi, kushoto na kulia mzito kama unakoroga ugali. Nikafuata kebo ya kuchagua. Imepitishwa CHINI ya trei ya betri na trei imefungwa juu yake, ganda limebonyea. Klipu ya breketi yake haipo kabisa. Ile ya kusukuma iko salama. Bushi moja ina tundu la yai, mzee uliona mbali.

Nimetoa kebo pale, nimeipitisha juu kwa mkunjo mpana, nimeweka klipu na bushi mpya, halafu nikarekebisha. Yangu ni ya kizuizi cha plastiki. Mkono nyutro umesimama wima. Moja naipata kila nikiitaka, rivasi pia. Uzito umepungua sana ila haujaisha, palipobonyea waya bado unakwaruza, unausikia mkononi. Nipulizie mafuta ndani?

SpanaKumi
Yatakupa wiki mbili tatu za furaha. Ganda lililobonyea halinyooki kwa mafuta. Hapo ndipo kebo mpya inapostahili hela yake, na ni moja, ile ya kuchagua, labda kama gari lako zinauzwa pamoja.

Klachi_Nusu
Na usisahau, ukifunga mpya lazima urekebishe tena. Kipimo cha leo kinakwenda na kebo ya zamani. Ukimaliza inua ngozi ya mkono, pima safari kutoka nyutro kwenda tatu na kutoka nyutro kwenda nne. Zikaribiane. Kama ya mbele ni ndefu na ya nyuma ni fupi, gia za nyuma hazizami hadi mwisho na zitakuwa zinachomoka ukiachia pedali ya mafuta.

GiaNgumu
Tatu na nne ziko sawa, nimepima kwa rula. Swali la mwisho: kebo inapita chini ya konsoli na ukuta wa injini, nitaipitishaje mpya bila kuvua nusu ya gari?

DadaGiaboksi
Konsoli utaivua, hakuna ujanja. Ila kabla hujavuta ya zamani ifunge kamba ngumu kwenye ncha, uivute kuelekea upande wa injini. Kamba inabaki kwenye njia ileile. Ifunge kwenye mpya uirudishe taratibu, mtu mwingine akisukuma kutoka upande wa pili. Na ile raba ya ukutani irudi mahali pake, maji yakiingia hapo yanatiririka moja kwa moja kwenye kapeti.

GiaNgumu
Kamba! Nilikuwa nimeshaanza kuangalia jinsi ya kutoa dashibodi.