Naomba ushauri: saa ya mfukoni ya Uswisi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1860

Mgeni wa Bern: Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Nimeanza kukusanya saa za mfukoni za zamani, na Jumamosi muuzaji mmoja wa vitu vya kale alinionyesha saa ya fedha anayosema ni ya mwaka 1860, bei faranga 380. Uso wake ni wa enameli nyeupe, una ufa mwembamba kama unywele karibu na tarakimu ya VIII. Kwenye mfuniko wa ndani pamechorwa “Ancre, 15 rubis” (rubis ni vito vya ndani ya mashine) na medali zenye mwaka 1889, na pembeni kuna mhuri mdogo wa ndege na tarakimu 0,800. Inatembea. Je, niichukue?

Fundi Mstaafu: Saa haiwezi kuitangulia medali iliyochorwa juu yake. Hata huyo ndege, ambaye ni jamii ya kwale, alianza kupigwa kwenye makasha baada ya sheria ya Uswisi ya mwaka 1880, kuthibitisha fedha ya sehemu 800 kwa 1,000. Ya sehemu 875 ilipigwa dubu. Muuzaji ama hajui, ama anadhani wewe hujui. Lakini usiidharau, kwa sababu “ancre” ni nanga, yaani kile kifaa kinachoachia gurudumu jino moja moja, na saa ya nanga hushika majira vizuri kuliko zile zenye silinda badala ya nanga, zilizouzwa kwa bei rahisi enzi hizo.

Binti Kisauni: Shikamoo, Mzee Fundi. Mimi ningeongeza kwamba aifungue mpaka aione mashine, kwani niliwahi kuuziwa kasha zuri lililotiwa mashine ya saa nyingine. Ikiwa ni ya kampuni ya Longines, nambari ya kasha na ya mashine hulingana, na kampuni yenyewe kule Saint-Imier, Uswisi, ina kumbukumbu za nambari hizo.

Fundi Mstaafu: Marahaba, binti. Na kutembea kusimhadae: mafuta yakikauka, saa hutembea huku ikijisaga, kwa hiyo akiinunua asiitie ufunguo kabla haijasafishwa.

Mgeni wa Bern: Nimerudi kwake leo. Nilipomwonyesha ule mwaka 1889 alishuka hadi faranga 220 bila hata kubishana, ila nilipomwomba aifungue mpaka kwenye mashine alidai mfuniko umekaza na hana kisu cha kuufungulia. Nimemwachia saa yake.