Fundi kabaki na pampu ya Massey 135 yangu, kanirudishia kibati tu

Wakuu, naandika nikiwa shambani, saa saba mchana, trekta inaunguruma chini ya mti bila kazi yoyote kwa sababu siwezi kuizima. Nikiizima haiwaki tena mpaka jua lizame. Dereva anakula ugali huku dizeli inateketea bure. Mvua ya kwanza imeshanyesha hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa, nina ekari 14 za watu walionilipa nusu, na kila mmoja anapiga simu kuuliza zamu yake lini. Yote haya kaniletea mtu mmoja anayejiita fundi pampu, pale mjini.

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 135 ya mwaka 1972, injini Perkins silinda tatu. Marehemu baba aliinunua 1986 kwenye mnada wa shamba la mkonge kule Kimamba. Ndiyo iliyotusomesha. Tangu baba afariki naihudumia mwenyewe: filta za dizeli nabadilisha kila msimu, mafuta ya madumu siweki hata nikikwama, na yale ya kituoni nayachuja kwa kitambaa kabla hayajaingia kwenye tanki. Nafanya hivyo kwa sababu pampu ya dizeli ya trekta hii, ile ya kampuni ya CAV inayoitwa DPA, haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Ukiipa maji au mchanga umeiua.

Mwezi wa kumi nikaona kitu cha ajabu kwenye stiki ya oili. Oili ya injini ilikuwa inapanda badala ya kushuka. Nikainusa, dizeli tupu. Anayezijua hizi pampu ameshaelewa: sili ya shafti ya mbele imechoka, dizeli inapitia upande wa gia za taimingi na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ni kazi ya sili na oringi basi. Pampu yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Trekta ilikuwa ikiwaka kwa nusu mzunguko wa stata, asubuhi, mchana, saa yoyote.

Nikaifungua mwenyewe, nati tatu na paipu zake, nikaifunga kwenye salfeti nikapanda nayo basi. Nilichagua fundi yule kwa kuwa ana meza ya kupimia pampu, na watu walimsifu. Tukakubaliana 120,000 pamoja na sili. Nikamwonyesha hata picha niliyopiga kwa simu ya kile kibati cha namba kilicho ubavuni mwa pampu, ili asikosee kuagiza sili. Hapo ndipo nilipojimaliza, nitaeleza.

Ilikuwa kazi ya siku moja na nilipanga kukaa hapohapo nisubiri. Nikapigiwa simu ya msiba, shemeji yangu Mpwapwa. Nikaondoka. Nimerudi siku ya nne, bei imekuwa 380,000. "Mzee wangu, nimekuta mambo mengi humo ndani." Nikamwomba anionyeshe vilivyotolewa, akasema kijana ameshatupa. Nilikuwa nimechoka, nina mawazo ya msiba, msimu unakaribia. Nikalipa. Namba ya kibati nikailinganisha na picha, ilikuwa ileile, nikaridhika.

Nimefunga, nimetoa hewa, imewaka vizuri asubuhi. Nimelima mpaka saa sita, nimezima tupumzike. Kuwasha, hola. Stata inazungusha mpaka betri inalegea. Saa kumi na mbili jioni, ikiwa imepoa, ikawaka mara moja kama haina shida.

Nikampigia.

"Mzee, hiyo itakuwa kompresheni. Injini imechoka. Ilete tupige oveholi, slivu, pistoni na ringi."

"Fundi, ilikuwa haina tatizo hilo kabla ya kuja kwako."

"Mzee wangu, chuma ya 1972 hiyo. Ulitegemea nini?"

Jamani, mimi si mtoto. Injini iliyokwisha kompresheni inagoma asubuhi ikiwa ya baridi, ikishapata moto inakuwa afadhali. Yangu ni kinyume kabisa. Nimefungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, haipumui, moshi hamna. Nikachukua gunia, nikaliloweka kwenye maji ya kunywa ya dereva, nikalifunika juu ya pampu dakika kama kumi. Nikagusa stata. Ikawaka.

Kwa wasioijua: ndani ya pampu hii kuna rota inayozunguka ndani ya kichwa chake, na viwili hivyo vimesuguliwa pamoja kiwandani kama jozi. Hakuna ringi wala sili kati yao. Vimebanana kiasi kwamba dizeli yenyewe ndiyo inayoziba. Vikilika, pampu ikipata moto dizeli inakuwa nyepesi, inavuja pembeni, na kwa mwendo mdogo wa stata presha haifiki ya kufungua nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda. Ukiipoza, dizeli inakuwa nzito, inawaka. Hiyo ndiyo pampu iliyolika. Na pampu yangu haikuwa imelika!

Basi nikakaa chini na kitambaa chenye dizeli nikaanza kuifuta vizuri. Kitu cha kwanza, ribiti za kibati. Pampu hii ilitoka kiwandani nusu karne iliyopita, lakini ribiti moja inang'aa kama ya jana, na upande wa pili hakuna ribiti, kuna skrubu ndogo. Nikahisi mwili umekufa ganzi. Nikahamia kwenye flanji, ile sehemu pana pampu inapofungwa kwenye injini, karibu na mstari wa taimingi, ile alama ya kuipanga pampu na injini. Baba alikuwa na tabia moja: kila kitu chake cha thamani alikipiga nukta tatu kwa senta pancha, kile chuma chenye ncha cha kutia alama. Jeki ina nukta tatu. Plau ina nukta tatu. Tela, hata spana kubwa. Na pampu, mimi mwenyewe nilimshikia tochi akiipiga, nukta tatu kwenye flanji. Nimefuta mpaka chuma kimekuwa cheupe. Hamna kitu.

Ameng'oa kibati changu akakipachika kwenye pampu iliyokufa. Alijua nina picha ya namba maana nilimwonyesha kwa mkono wangu. Nukta za baba hakuzijua.

Nilienda pale na mwenyekiti wa mtaa wao. Akatuambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba vyuma vyote vinafanana na kwamba mzee labda nimechanganya. Hana daftari la kazi, risiti aliniandikia "service" bila namba. Yule kijana wake alikuwa anatazama chini muda wote, hakunyanyua macho.

Kinachoniuma kuliko fedha ni hilo neno "imezeeka". Kila wizi na kila kazi mbovu kwenye matrekta yetu inafichwa nyuma ya neno hilo. Massey 135 iliacha kutengenezwa Coventry mwaka 1975, sawa, lakini spea za injini hii mpaka leo zinatoka India na Pakistani. Sisi wa Kongwa ndio tusidanganywe kabisa kuhusu umri wa mashine. Hapa Waingereza walileta matrekta ya mradi wao wa kulima karanga kuanzia mwaka 1947, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa trekta, na mengi yalikufa mapema sana kwa ardhi ngumu na kukosa matunzo na spea. Yangu imelima ardhi hiyohiyo tangu 1986. Haikufa kwa uzee. Imeuawa mezani kwa mtu, ndani ya siku nne.

Na wako wengi wa aina yake. Wanajua pampu ya zamani ya orijino ina chuma kizuri kuliko kopi za siku hizi, wanazinyofoa kwa wakulima na kuwauzia wengine kama "mtumba wa Uingereza". Ukipeleka pampu, usimwonyeshe fundi alama yako. Piga alama mahali pasipoonekana, na kaa hapo mpaka ifungwe. Mimi msiba ulinitoa.

Sasa naomba hivi. Kama uko Dodoma, Morogoro, Manyara au popote, na kuanzia mwezi wa kumi umeuziwa pampu ya DPA ya silinda tatu isiyo na kibati, ubavuni imebaki mitobo miwili mitupu ya ribiti, chukua kitambaa ufute flanji pembeni ya mstari wa taimingi. Ukikuta nukta tatu zimepangana, ni ya baba yangu. Sitakuuliza uliipataje. Sema uliinunua kiasi gani, nakurudishia fedha yako yote na nauli naifuata mwenyewe.