Triathloni mmeigeuza mchezo wa wenye hela: anayeanza anadaiwa milioni 6 kabla hajalowa maji!

Wakuu habari zenu. Nipo Tanga na leo nina hasira, kwa hiyo mwenye "punguza jazba mkuu" apite tu.

Kuna kundi la mazoezi huko Dar, silitaji jina. Liliandaa triathloni fupi na likawa linatangaza kila siku "wanaoanza mnakaribishwa sana". Kwa asiyejua, triathloni fupi ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, halafu mbio za kilomita 5, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Nikasema huu si ndio mchezo wetu? Raskazone naogelea tangu utotoni. Kazini naenda na baiskeli, na ukienda Pongwe na kurudi hizo kilomita 20 umeshazipita. Mji gani nchi hii una baiskeli kama Tanga? Hapa mzee anaendea sokoni, mama kapakiwa kwenye keria na kikapu mapajani, wala hakuna anayegeuka kutazama.

Nikalipa kiingilio 150,000. Hapo sikunung'unika, waokoaji wa majini na watu wa kuzuia magari wanalipwa. Nikaunganishwa kwenye grupu la WhatsApp, na siku hiyohiyo ikashushwa orodha ya vifaa vya LAZIMA kwa anayeanza. Baiskeli ya mashindano 3,500,000. Saa ya GPS 900,000. Wetisuti 650,000. Viatu vya baiskeli na pedeli zake 450,000. Raba za mbio 350,000, trisuti (nguo moja ya kubana ya kuogelea, kuendesha na kukimbia) 200,000, helmeti 180,000, miwani ya kuogelea 70,000. Jumlisheni wenyewe, ni 6,300,000. Chini kabisa wameweka namba ya duka, na duka lenyewe la mmoja wa waandaaji.

Hiyo wetisuti ndiyo iliyonipandisha mori. Ni lile vazi la mpira la kubana mwili mzima, limetengenezwa kwa ajili ya maji ya baridi. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinasema kwa washiriki wa kawaida, kuogelea hadi mita 1,500, maji yakizidi nyuzi 22 wetisuti ni MARUFUKU. Bahari yetu hata mwezi wa nane, kusi likivuma, haishuki hapo. Yaani nitoe laki sita na nusu, ninunue nguo ambayo refa anayefuata sheria atanivua palepale ufukweni! Niliuliza kwa adabu kabisa, nikajibiwa "huo ni uwekezaji mkuu". Nilipobandika kanuni yenyewe, admin akafunga grupu, wakawa wanaandika wao tu.

Nikauliza kuhusu baiskeli yangu ya Phoenix. Wakasema "njoo nayo itakaguliwa". Haya. Stendi ya Kange konda akataka baiskeli ilipiwe nauli ya mtu mzima, na tiketi haitoi. Ikalazwa kwenye buti chini ya magunia ya machungwa, tumefika Dar spoku zimepinda. Nikazinyoosha mwenyewe usiku.

Asubuhi mkaguzi anakuja, kijana wa miwani ya jua. Kinachotakiwa kukaguliwa ni breki kwenye kila gurudumu, ncha za usukani zisiwe wazi zikaja kumchoma mtu, na helmeti kichwani. Phoenix ina breki mbili za fito, ukibana inasimama, na mipira ya kushikia yote ipo. Breki hata hakuigusa. Aliishika keria kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akaipiga picha, akamwonyesha mwenzake wakacheka. "Hii ya kubebea mkaa, mjomba." Nikamwambia keria natoa sasa hivi, spana ninayo mfukoni. Hapana. Nikamwomba anionyeshe kifungu kinachonikataza, hana. Ila baiskeli ya kukodi wanayo, 120,000 kwa siku. Sikukodi. Kiingilio nikaambiwa hakirudi.

Na hawa watu historia ya mchezo wao hawaijui. Triathloni ya kwanza ya jina hili ilifanyika Mission Bay, San Diego, tarehe 25 Septemba 1974, watu 46, wengi wao wakimbiaji tu waliokuwa wanatafuta kitu kipya. Ironman, ile triathloni ndefu, ya kwanza kule Hawaii mwaka 1978 walianza watu 15. Aliyeshinda, Gordon Haller, alikuwa dereva taksi, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, wasaidizi wake waliishiwa maji njiani wakampa bia. Bia, jamani! Leo angefika kwa hawa jamaa angerudishwa getini kwa kukosa trisuti.

Najua kuna watakaosema mchezo huu ni ghali dunia nzima. Sawa, kuna baiskeli za kaboni zinazozidi bei ya bajaji. Hizo ni za mtu anayekwenda kilomita 180 za Ironman na anatafuta dakika za kupunguza. Anayeanza kilomita 20 atafute nini? Kumaliza salama, basi. Raba nzuri za mtumba Tangamano unapata kwa 30,000 ukijua kuchagua na ukiwahi robota likifunguliwa. Muda unapima kwa simu. Trisuti, kaptula ya kubana inatosha. Helmeti ndiyo msibane hela, na msinunue ya mtumba yenye ufa hata kidogo. Na asiyejua kuogelea amlipe mwalimu, hela hiyo siitukani hata siku moja. Hata vijana wa Deep Sea hapa Tanga waliokulia kwenye ngalawa wanaiheshimu bahari, sembuse mtu wa kujifunzia kwenye video.

Kwa hiyo waandaaji, najua mnasoma humu. Nataka 150,000 yangu, maana mlitangaza "wanaoanza" na kigezo cha aina ya baiskeli hamkukiandika popote kabla ya kupokea hela. Na hiyo wetisuti iondoeni kwenye orodha kabla hamjampiga mwingine.

Wakuu, kuna anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko kama haya Baraza la Michezo la Taifa? Naandika barua au naenda mwenyewe? Ujumbe wa muamala ninao, na picha ya ile orodha niliihifadhi kabla hawajaifuta.