Tupeane uzoefu: giaboksi za otomatiki kwenye pikapu kuukuu za dizeli

Wadau wa Nakuru, Kisumu na magharibi yote, andikeni dalili, namna ya kupima na dawa yake. "Peleka kwa fundi" si jibu. Naanza na Toyota Hilux na Surf za zamani zenye boksi (giaboksi) ya otomatiki ya A340.

Kwanza tenganisha boksi na injini. Gari likipanda kuelekea Mau Summit na magunia ya viazi, tazama mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukiruka juu na kasi isiongezeke, klachi za ndani zinateleza. Mshale wenyewe ukikataa kupanda, hiyo ni injini: filta ya dizeli imeziba au paipu ya tabo inavuja. Boksi ngapi zimefunguliwa bure kwa kutotazama mshale!

Sampu_Nax: ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) hupimwa injini ikinguruma, gari likiwa limetembea hadi likapata moto, mahali tambarare. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L, rudisha P, ndipo uchomoe kijiti. Ukipima injini imezimwa, oili huonekana nyingi kuliko ilivyo.

Oili nyekundu ni nzima. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimechomeka. Ikifanana na chai ya maziwa, maji ya radieta yameingia, kwa kuwa kipozea oili kimo ndani ya tangi la radieta. Usiwashe tena. Maji hubandua nyuzi za klachi kwenye gundi yake, na kubadilisha oili ukiiacha radieta ile ile ni kumwaga pesa.

Ukishusha sampu (bakuli la oili chini ya boksi), pangusa sumaku iliyo ndani yake kwa kidole. Tope la kijivu laini kama masizi ni la kawaida. Vipande vinavyong'ang'ania sumaku ni chuma cha bearingi, gia au sahani za klachi. Unga wa rangi ya dhahabu usioshikwa na sumaku ni bushi zinazolika.

Waya_Mbili: Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) ikimweta yenyewe barabarani, kompyuta inakuita. Fungua kisanduku cha daignosi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, funguo ON bila kupiga stata, swichi ya O/D ikiwa imewashwa. Hesabu mimweko: 4 kisha 2 ni sensa ya kasi namba 1, 61 ni sensa namba 2, 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni ya lock-up (klachi inayofunga konvata). Ikimweta haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Kabla ya kununua solenoidi, pima kwa mita kati ya pini yake na bodi: ohm 11 hadi 15. Ikiwa sawa, fuata waya. Mara nyingi plagi iliyo ubavuni mwa boksi ndiyo imejaa tope.

DizeliTupu: Mmesahau kebo ya kikidauni (inayoiambia boksi umekanyaga mafuta kiasi gani). Kwenye dizeli za pampu ya zamani imefungwa kwenye mkono wa pampu, kwa hiyo fundi wa pampu akigusa, gia zinaharibika na lawama inaangukia boksi. Ikilegea, presha ya oili hushuka na gia hubadilika mapema huku zikiteleza. Ikikaza sana, hubadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo. Kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha angalia nafasi kati ya mpira na kizuizi cha kebo: 0 hadi 1 mm, si zaidi.

Sampu_Nax: @DizeliTupu kweli kabisa. Nami naongeza: kishindo ukitoka N kwenda D mara nyingi ni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iliyopandishwa mno. Pima pia kwa saa muda wa gia kushika. N hadi D iwe chini ya sekunde 1.2, N hadi R chini ya 1.5.

Nyando_4x4: Kwetu mvua ikijaa barabara, angalia paipu ya kupumulia ya boksi. Ikizibwa na tope, presha husukuma oili kwenye sili. Ikiwa fupi, boksi yenye moto ikiingia maji baridi huyavuta ndani. Irefushe kwa mpira hadi juu karibu na ukuta wa injini. Kazi ya dakika ishirini.

KibuyeSpana: Kwa wanaofunga boksi ya ex-Japan: puliza kwanza paipu za kipozea kwa upepo, kinyume na mwendo wa oili, la sivyo uchafu wa boksi ya zamani unahamia mpya. Kisha funga toka konvata (torque converter, kiungo cha oili kati ya injini na boksi): isukume huku ukiizungusha mpaka izame kwa hatua, mara ya mwisho ikikamata pampu. Boksi ikikutana na injini, konvata lazima izunguke kwa mkono. Ikikwama, usivute kwa bolti! Utapasua pampu.

Waya_Mbili: Na likizima njiani, msilivute kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Pampu ya boksi huzungushwa na injini, hivyo hakuna oili inayofika ndani. Livuliwe propela shafti zote mbili au lipandishwe lori.