Naomba ushauri: mtoto ananyonya tu, nahofia upungufu wa vitamini

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi 3, ananyonya maziwa yangu tu na uzito unaongezeka vizuri. Daktari kamwandikia matone ya vitamini D, yuniti 400 kila siku, kwani maziwa ya mama huwa nayo kidogo mno na upungufu huleta matege. Hilo nimelielewa.

Kinachoninyima usingizi ni vitamini B12, ile inayopatikana hasa kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Tangu kabla ya ujauzito sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na nimesoma kwamba mama akipungukiwa, mtoto naye hupungukiwa, hata ubongo na neva zikaathirika. Daktari sikumwambia, nilisahau kabisa!

Mlionyonyesha mkiwa hamli vyakula hivyo, mlipimwa damu ninyi au mtoto? Kliniki ni wiki ijayo. Nisubiri au niende kesho?