Njia ya baiskeli ina nguzo ya umeme katikati, hivi nani alisaini hii ramani?

Wakuu habari za jioni, leo naandika nikiwa na hasira mnivumilie tu.

Huku kwetu Dar mtaa wetu umepigwa lami mwaka jana, diwani akaja na spika zake akatuambia safari hii tumepata na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, watu tukapiga makofi. Haya njooni muione. Inaanza vizuri, vitofali vyekundu, kidogo tu mbele unakutana na nguzo ya umeme imesimama katikati ya njia, na sio kwamba hawakuiona, vitofali vimekatwa kwa ustadi kufuata mviringo wa nguzo, yaani fundi alipima kabisa! Ukiikwepa hiyo kuna chemba haina mfuniko, msamaria kachomeka tawi la mwarobaini ili usiku watu wasitumbukie. Halafu kila penye geti njia inakatwa na kushushwa ili gari ipite bila kusumbuka, mama mwenye ndoo kichwani ndio ashuke apande, ashuke apande. Kwa nini njia isiende sawa, gari ndio lipande na kushuka??

Na msiniambie hatujui kujenga. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia zao peke yao, awamu ya kwanza Kimara hadi Kivukoni, ilipoanza 2016 ilikuja na njia za miguu na baiskeli pembeni, Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Leo pita hapo jioni na baiskeli yako, bodaboda anakupigia honi nyuma utadhani wewe ndio umeingilia njia yake. Bodaboda sawa, huyo hata uweke vinguzo anapenya panapopenya baiskeli, hapo anatakiwa askari tu. Lakini gari kupaki juu ya njia ya watu? Hiyo ni vinguzo vifupi vya zege basi, havihitaji mkopo wa benki yoyote. 2021 machinga waliondolewa barabarani tukaambiwa waenda kwa miguu warudishiwe njia zao, huku kwetu wametoka machinga zimeingia gari za wateja wa baa.

Zebra ya shule ndio kabisaa, imechorwa baada tu ya kona, dereva anawaona watoto akiwa ameshafika. Kibao cha 50 kipo, nani anakisoma? Wangeinua tuta wakachora zebra juu yake, hapo hata mlevi angepunguza mwendo.

Ukienda manispaa unaambiwa barabara sio zao siku hizi, ukienda kwa wahusika wa barabara unaambiwa maegesho na vibanda ni vya manispaa. Unazungushwa mpaka unachoka. Na najua kwa nini hawajali, wanaoendesha baiskeli mji huu ni mlinzi anayetoka lindo, muuza samaki anayewahi Feri alfajiri, fundi na msumeno wake. Hakuna mheshimiwa hapo. Mji wenyewe sehemu kubwa tambarare, baiskeli ingetuokoa na nauli za daladala mbili mbili, ila nani ajitoe roho.

Kama humu kuna injinia wa manispaa yoyote aje atueleze, ile nguzo kuhamishwa ni shilingi ngapi na barua inaandikwa kwa nani, maana sisi tuko tayari hata kuchanga.